Kovu Moja, Vichwa Vitatu

— Vua kofia.

— Sivui.

— Mwalimu, jua lote hili, feni yangu imekufa tangu juzi, na wewe umekaa na kofia ya sufu. Vua.

— Nina baridi.

Baridi! Nyie, mtu jasho linamtiririka mpaka kidevuni halafu anasema ana baridi. Nilimrukia pale pale kwenye kochi, nikaivuta ile kofia kabla hajaidaka, nikabaki nayo mkononi mdomo wazi. Kichwani kwa mchumba wangu kulikuwa na mstari wa kalamu ya bluu. Ulianzia karibu na sikio moja, ukapanda juu ya paji la uso, ukashuka mpaka sikio la pili.

— Nani amekuchora?

Akajifunika kichwa kwa viganja.

— Nakuuliza, nani amekuchora kama ukuta unaosubiri kubomolewa?

— Daktari, akasema bila kuniangalia. — Huo ndio mpaka wa nywele zangu mpya. Kesho saa tatu asubuhi wananipandikiza.

Nilikaa chini. Ngoja niwaambie tulikuwa wapi, maana msije mkanilaumu kabla ya kujua. Mwalimu anafundisha hesabu. Ana miaka ishirini na minane. Nywele zilianza kumkimbia akiwa na ishirini na tatu, kwanza pembeni, halafu utosini, na siku hizi zilizobaki nene ni za kisogoni tu. Mimi kazi yangu ni kusafisha picha studio. Mtu akija na fulana nampa suti, akija na chunusi anaondoka hana. Ndiyo maana Mwalimu ananiita Fundi. Harusi yetu ilikuwa imebakiza miezi miwili.

— Kesho! Na mimi nilikuwa niambiwe lini?

— Nilitaka iwe zawadi.

— Zawadi kwa nani? Mimi nilikuomba nywele?

— Hukuomba, akasema. — Ulicheka.

Hapo nikajua tunakoelekea. Siku ya kwanza Mwalimu alipokuja nyumbani kwetu, aliyefungua mlango ni dada yangu mkubwa. Akamwangalia kichwani, akapiga goti kwa heshima zote, akasema: "Shikamoo baba. Bwana harusi yuko wapi, anaegesha gari?" Dada huyo anamzidi Mwalimu miaka sita! Nyumba nzima ikaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Mwalimu naye alitabasamu, nikadhani yameisha.

— Ule ulikuwa utani, Mwalimu.

— Utani una mwisho. Dada yako mpaka leo ananiita baba mkwe. Haya, soma mwenyewe.

Akanitupia simu. Meseji ya dada ilikuwa pale, ya wiki tatu nyuma:

"Baba mkwe, siku ya harusi usikae karibu na wazee, wageni watashindwa kujua yupi anaoa. Mdogo wangu hasemi tu, ila anaona aibu kupiga picha na wewe."

Nikamrudishia simu yake.

— Mimi? Mimi nimesema hivyo lini?

— Hukusema. Lakini fungua simu yako. Tuna picha ngapi pamoja ambazo sijavaa kofia?

Niliifungua, picha zote ana kofia. Kila tukitaka kupiga picha ni mimi niliyekuwa namwambia, "Vaa kofia, mwanga unapiga kichwani." Kwangu yalikuwa mambo ya kazi, naapa. Mtu wa picha akiona kitu kinang'aa anakifunika bila kufikiri. Yeye alikuwa anasikia kitu kingine kabisa, na miaka miwili yote hakuwahi kuniambia.

— Lakini huu ni upasuaji, Mwalimu! Huyo daktari umemuuliza maswali?

— Wanachoma ganzi, wanatoa nywele za kisogoni shina moja moja, wanazipanda mbele. Watu wanafanyiwa kila siku, si uchawi.

— Nimekuuliza kama umemuuliza maswali.

— Maswali ya nini wakati nimeona ushahidi? Tazama hawa.

Akafungua ukurasa wa mtandaoni wa kliniki ya huyo daktari. Wanaume watatu. Upande mmoja wameandika "Kabla", vichwa vitupu kama sahani. Upande wa pili "Baada ya miezi tisa", nywele zimejaa, nyeusi, mpaka unatamani kuzishika.

— Umeona zilivyojaa? akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeonyesha daftari. — Nikizipata hizi, Fundi, nitaingia kwenu kifua mbele.

Mimi nilikuwa sisikii tena. Nilikuwa naangalia kitu kimoja. Juu ya sikio la kushoto, katikati ya zile nywele za mtu wa kwanza, palikuwa na kijistari kisichoota kitu, kimepinda kama mkia wa koma. Mtu wa pili naye alikuwa nacho. Wa tatu naye, ila chake kiko kulia.

Nyie, kile kijistari nakijua. Ni kovu la Mwalimu. Alianguka na baiskeli akiwa na miaka sita. Siku hizi huwezi kuliona vizuri kwa sababu nywele zilizolizunguka zimeondoka, lakini kwenye picha yake ya chuo, akiwa na miaka ishirini na moja, linaonekana wazi.

Na picha hiyo ya chuo nilikuwa nayo mimi, kwenye kompyuta ya kazini. Miezi sita nyuma alikuja mteja studio, mwanaume mnene, mcheshi, anasema anauza mafuta ya nywele. Akaleta picha tatu za watu wenye upara. "Wavishe nywele fundi wangu, nataka bango la kuonyesha mitindo." Nikatafuta nywele nzuri zenye mwanga unaofanana, sikupata zaidi ya zile za mchumba wangu enzi za ujana. Nikazikata, nikazibandika kwenye vichwa vitatu, cha tatu nikakigeuza ili visifanane sana. Mimi ninayefuta chunusi za watu mpaka za nyuma ya shingo, nikasahau kufuta kovu.

Kwa hiyo mchumba wangu alikuwa anakwenda kukatwa ngozi ya kichwa kwa kuzitamani nywele zake mwenyewe.

— Mwalimu, usiende kesho.

— Sababu?

Niliogopa, siwadanganyi.

— Hizi picha ni za uongo.

— Umejuaje?

— Nimezitengeneza mimi.

Akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

— Yaani umefikia huko? Umekosa la kunizuia, ukaona useme hilo?

— Naapa! Angalia hapa, hili kovu ni la…

— Na kama ni kweli ndiyo vibaya zaidi! Mbele yangu unanicheka, nyuma yangu unawatengenezea watu wa kunidanganya!

— Mimi sikujua ni kliniki! Aliniambia anauza mafuta!

— Hukujua, hukuuliza. Kama mimi tu. Tofauti ni kwamba mimi nakatwa, wewe hukatwi.

Akaichukua kofia yake mkononi mwangu, akaivaa mpaka kwenye nyusi.

— Na harusi? nikamuuliza.

— Tusimamishe. Sijui kama naweza kuishi nyumba moja na mtu nisiyejua ni saa ngapi ananicheka.

Akaondoka. Nilitaka kulia, lakini hasira ilinitangulia. Nilikimbia moja kwa moja studio, nikawasha kompyuta, nikampigia yule mteja. Alipokea mlio wa kwanza.

— Aaa, fundi wangu! Nilikuwa nakuwaza. Nina vichwa vingine vinne, nikuletee?

— Wewe uliniambia unauza mafuta.

— Biashara imekua dada yangu.

— Imekua! Watu wanakuja kulala kwenye kitanda chenu kwa sababu ya picha zangu, unaniambia biashara imekua?

— Punguza jazba. Wewe kazi yako picha, mambo ya wagonjwa tuachie wenyewe.

— Nani daktari hapo?

— Tuna wataalamu.

— Nitajie jina la mtaalamu mmoja.

Akakata simu. Nikapiga tena, hapatikani.

Nikalifungua faili la kazi, lile lenye tabaka zote, kila kipande peke yake. Nikapiga picha kioo cha kompyuta hatua kwa hatua: kichwa kitupu, nywele zikiwa peke yake, nywele zikiwa juu ya kichwa, na pembeni ile picha ya Mwalimu akiwa chuo. Nikamtumia zote. Chini nikaandika:

"Angalia kovu. Halafu jishike kichwani, kushoto, juu ya sikio. Sikuombi unirudie. Nakuomba usilale kwenye kile kitanda."

Akasoma. Hakujibu. Nikapiga mara nne, hakupokea.

Asubuhi saa mbili na nusu nilikuwa napanda ngazi za ile kliniki, ghorofa ya pili, juu ya duka la taa. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kidogo, viti vya plastiki, harufu ya rangi mpya. Wanaume wanne wamekaa, wote na kofia, hakuna anayemtazama mwenzake. Ukutani zile picha zangu tatu zimekuzwa mpaka nikaona aibu. Na mbele ya ukuta amesimama Mwalimu, kidole juu, kama yuko ubaoni.

Kando yake alikuwa yule mnene wangu wa mafuta. Leo amevaa koti jeupe.

— Daktari, Mwalimu alikuwa anasema, sauti ya upole kabisa, — huyu wa kwanza ni nani?

— Mgonjwa wetu. Nilimfanyia kwa mkono wangu huu.

— Na wa pili?

— Huyo dereva. Mpaka leo ananipigia simu kushukuru.

— Wa tatu?

— Mfanyabiashara, anasafiri sana. Vipi ndugu, unaogopa sindano?

— Hapana. Hawa watatu wana undugu?

— Undugu wapi! Hata hawajuani.

— Basi nisaidie hesabu hii. Watu watatu wasiojuana, wana kovu moja, urefu mmoja, limepinda vilevile, juu ya sikio. Huyu wa mwisho tu limehamia kulia, kwa sababu picha imegeuzwa.

Viti vikalia. Wale wanaume walisimama wakasogea ukutani. Mwalimu akavua kofia, mbele ya watu, na ule mstari wake wa bluu.

— Na hili hapa la nne. Nilianguka na baiskeli. Hizo nywele mnazozitamani, ndugu zangu, ni zangu. Nilikuwa nazo chuoni.

— Huyu kijana amechanganyikiwa! yule mnene akaruka. — Nani amekuleta hapa utuharibie kazi?

Nikaingia.

— Aliyezibandika ni mimi.

Wote waligeuka. Nikazinyooshea kidole zile picha ukutani.

— Nafanya kazi studio. Huyu aliniletea hizi picha akasema anauza mafuta. Hakuna aliyeota nywele hapo, ni kompyuta. Faili ninalo.

— Huyu mwanamke simjui!

— Hunijui? Jana umeniita fundi wangu! Umeniambia una vichwa vingine vinne uniletee!

Wale wanaume wanne wakatazamana.

Mmoja wao, fundi bomba, alikuwa bado na sare ya kazi. Akavua kofia taratibu akageuka. Kisogoni kulikuwa na bandeji imeloa njano.

— Mimi leo ni mara ya tatu narudi, akasema. — Kichwa kinatoa usaha, sipati usingizi. Naambiwa ndiyo nywele zinaota. Mke wangu ameniambia niende hospitali, nikamfokea. Nimemfokea mke wangu kwa ajili yako!

— Tulia ndugu, ni hali ya kawaida…

— Kawaida ya nani? Hilo koti umelitoa wapi? Vua!

Akaenda akasimama mlangoni, mabega yamejaa mlango mzima, na hakuna aliyetoka mpaka askari niliowapigia simu walipofika. Daktari hakuwepo, wala hakuwahi kuwepo. Mnene alikuwa muuza mafuta kweli, huo ndio ukweli pekee alionieleza. Fundi bomba alipelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nikaandika maelezo, nikakabidhi faili, nikalaumiwa na bosi wangu kwa kuiingiza studio kwenye kesi, nikanyamaza. Alikuwa na haki ya kunilaumu.

Kwenye ngazi nilimkuta Mwalimu amekaa, anafuta mstari kwa kitambaa na mate.

— Mbona jana hukunijibu?

— Nilikuwa na hasira. Bado ninazo.

— Nisamehe zile picha.

— Ya picha nimekusamehe. Ulidanganywa. Ila siku ile mlangoni kwenu hukudanganywa na mtu. Ulicheka mwenyewe.

Nikakaa ngazi ya chini yake.

— Nifanye nini, Mwalimu?

— Sijui. Na usidhani nywele sizitaki tena. Nazitaka bado.

— Kwani nimekukataza nywele? Nimekukataza mchinjaji! Jumatatu twende hospitali, kwa daktari wa ngozi mwenye jina na cheti. Akisema upandikizwe, mimi ndiye nitakayekushika mkono.

Jumatatu tulikwenda. Daktari mama mtu mzima, miwani puani. Mwalimu alimuuliza maswali kumi na tisa, niliyahesabu. Yule mama akamjibu yote bila haraka. Akasema upandikizaji upo na unafanya kazi, lakini nywele zake bado zinakwenda. Akipanda mbele leo, za nyuma yake zitaendelea kutoka, mwisho abaki na kisiwa katikati ya kichwa. Aanze dawa, arudi baada ya mwaka waangalie. Mwalimu alitoka pale anatembea wima. Lakini ukumbi wa harusi tulishamwambia mama aufute, tarehe hakuitaja, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza.

Jumapili mama alituita wote nyumbani. Mjomba alikuwepo, binamu walikuwepo. Mwalimu alikuja, bila kofia, akapewa chai. Tukiwa bado tunasalimiana, dada akaingia.

— Baba mkwe! Nimesikia ulitaka kulimwa kichwa, ukaangukia kwa wakulima matapeli!

Mjomba akacheka mpaka akapaliwa. Binamu wakacheka. Mwalimu akainamia kikombe chake.

Nikasimama.

— Dada, acha.

— Jamani, si utani tu?

— Si utani! Huyu mtu alibakiza saa chache akatwe ngozi ya kichwa na muuza mafuta, kwa sababu ya mdomo wako na kicheko changu! Leo angekuwa na usaha kisogoni!

— Unanivunjia heshima mbele za watu kwa ajili ya mwanaume?

— Wewe umemvunjia yake mbele za watu hawa hawa mwaka mzima, na hakuna aliyekuuliza! Ile meseji, kwamba mimi namwonea aibu, nani alikutuma? Sema hapa hapa, mama asikie.

— Meseji gani? mama akauliza. — Nipeni.

Mwalimu hakutaka. Nikaichukua simu yake mezani nikampa mama. Akatafuta miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza. Akamtazama dada.

— Hii umeandika wewe?

— Mama, nilikuwa nachekesha tu.

— Mbona mimi sicheki?

Mjomba aliacha kukohoa. Nikamgeukia Mwalimu, na hapo ndipo machozi yalinitoka, maana makosa ya dada yalikuwa rahisi kuyasema, yangu ndiyo yalikuwa magumu.

— Na mimi siku ile nilicheka. Nilicheka kwa sababu wote walicheka, na niliogopa nionekane nimeleta mtu wa kuchekwa. Niliwachagua wao nikakuacha umesimama mlangoni peke yako. Sitasema ulikuwa utani. Nilikukosea.

Dada alikuwa anapindapinda ncha ya mtandio wake. Mwisho akasema, sauti imeshuka kabisa:

— Shemeji, nisamehe.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mwalimu alikunywa chai yake mpaka chini, akaweka kikombe.

— Nimesikia, shemeji. Nipe muda na mimi.

Akajifuta midomo, akamgeukia mama.

— Mama, ule ukumbi tulioufuta, tukienda leo tunaweza kuupata kwa tarehe ile ile?

Mama alikuwa anakunja miwani yake.

— Mlifuta nyinyi, mwanangu. Mimi sikuufuta.